Salamu ya Kisima

"Swali halina kamba, lakini hutoa mtu kisimani."

Maneno hayo aliyasema nesi wa zahanati, asubuhi ya kupima watoto uzito, baada ya kina mama waliokaa kwenye benchi kumcheka mwenzao. Huyo mwenzao, mnene mwenye sauti ya kujaza uwanja, alikuwa ameuliza jambo ambalo kila mama amewahi kulitazama na kulinyamazia: kwa nini utosi wa mtoto mchanga hudundadunda, kana kwamba una moyo wake wenyewe? Benchi zima liliangua kicheko.

"Wewe nawe! Kesho utauliza pua kwa nini ina matundu mawili!"

Nesi hakucheka. Alimweleza kwamba mifupa ya kichwa cha mtoto bado haijakutana, ndiyo maana mapigo ya damu huonekana kupitia ngozi. Kisha akasema methali yake, akakusanya kadi, akaingia ndani.

Mwisho wa benchi alikaa Hidaya na mwanawe wa kwanza, wa miezi miwili. Hakucheka wala hakusema. Aliposikia neno utosi, mkono wake uliingia chini ya khanga ukapapasa kichwa cha mtoto. Tosi za watoto wa wenzake zilidunda. Utosi wa mwanawe ulikuwa umebonyea kama kijiko. Mtoto alikuwa ameharisha siku mbili, na tangu jana asubuhi nepi yake ilikuwa kavu. Hidaya alitaka sana kuuliza. Lakini mama mkwe wake alikuwa amemwonya: "Utosi wa mtoto hautajwi mbele za watu. Ukiutaja, unaushusha." Basi swali lake alikuwa amelimeza, nalo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Pembeni yake alikaa Bibi Nambua, aliyemleta mjukuu wake chanjo.

"Bibi," aliuliza yule mnene, "nesi amesema kisima gani hicho?"

"Nyinyi mmezaliwa na bomba, kisima mtakijulia wapi?" Bibi alimhamishia mjukuu paja la pili. "Sogeeni basi, maana foleni bado ndefu. Methali hii ilianza hivi."

Zamani, katika nyanda kavu zilizo chini ya milima, palikuwa na kijiji kilichoishi kwa kisima kimoja. Kilikuwa kirefu, pima nane kwenda chini, na waliokichimba majina yao yalikwisha kusahaulika. Kila kiangazi maji yalipopungua, mtu mmoja alishuka kufukua mchanga. Hakushuka kwa kamba. Kamba ya katani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya ndoo. Yeye alishuka kwa kukanyaga vishimo vilivyochongwa ukutani, mgongo upande huu, nyayo upande ule, mpaka giza likamfunika.

Lakini kabla mtu hajashuka, ilikuwa lazima kisima kisalimiwe. Kibatari kiliwashwa, kikawekwa ndani ya ndoo, kikateremshwa mpaka chini. Watu walingoja kimya, kisha ndoo ikavutwa. Mara nyingi taa ilirudi inawaka; hapo mzee mshika ndoo aliipuliza mdomoni mwa kisima, akasema, "Pokea moto wako, tuachie mtu wetu." Lakini mara chache, mwaka mmoja katika mingi, taa ilirudi imezimika. Siku hiyo watu walifurahi zaidi. "Kimekula chenyewe!" walisema. Kisima kimeshiba moto, basi hakitataka mtu. Na wanawake walipiga vigelegele.

Nani aliwafundisha hivyo? Hakuna aliyejua. Kwa nini taa izimike mahali pasipo na upepo? Hilo halikuulizwa. Watoto wa kijiji kile walifunzwa mapema: salamu ya kisima haiulizwi.

Basi kijijini hapo aliolewa binti mmoja aitwaye Nakijwa, mzaliwa wa hapo hapo. Alikuwa mtu wa maswali tangu utoto. Aliuliza kwa nini moshi humfuata anayeukimbia, kwa nini mmoja akipiga miayo wote humwitikia, na jogoo aliyefunikwa tengani huijuaje alfajiri. Mama mkwe wake alikuwa akisema, "Huyu alipozaliwa hakulia. Alimtazama mkunga akamuuliza, 'Na wewe ni nani?'" Watu wakacheka, na Nakijwa akacheka nao, kwa kuwa mume wake, Mrutu, alimpenda na maswali yake yote.

Swali moja tu Nakijwa hakuwahi kulitoa. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, kaka yake Kiondo alishuka kisimani asirudi. Alifika chini, akaita mara moja, basi. Kijiji kilisema lazima alikuwa amekitukana kisima njiani. Nakijwa alikumbuka kitu kimoja tu cha siku ile. Alikuwa anakuja na chungu cha uji kichwani, akasikia vigelegele. Kabla hajafika, vigelegele vilikuwa vimegeuka kilio.

Ikawa kiangazi cha mwaka wa nane tangu siku hiyo. Mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili, na kisima kilikuwa kimefunikwa kwa magogo muda mrefu kwa sababu hakikuwa na maji, na watu walichota mbali. Wazee wakaamua kifukuliwe, la sivyo watu wahame. Kura ya kushuka ikamwangukia Mrutu.

Asubuhi hiyo Nakijwa alifuata nyuma na wanawake wenzake, mtoto wake Nakuroi mgongoni. Hakuwa amelala. Aliona magogo yakiondolewa. Akaona nzi waliokuwa wakizunguka mdomo wa kisima wakiingia ndani, lakini hakuona hata mmoja akitoka. Alijiambia ni macho yake. Mzee Sempeho, mshika ndoo, aliwasha kibatari akakiteremsha. Kamba ilikwenda, ikaenda, ikalegea. Watu walingoja. Mzee akavuta.

Taa ilikuwa imezimika. Hata utambi haukuwa na moshi.

"Kimekula chenyewe!" wanaume walipaza sauti.

Na wanawake waliomzunguka Nakijwa wakapiga vigelegele.

Vigelegele vile vilimwingia masikioni kama maji ya baridi. Vilikuwa vile vile. Mwili wake ulivitambua kabla akili yake haijavitambua: alimkaza mtoto mgongoni mpaka akaanza kulia. Je, siku ile ya Kiondo walikuwa wakishangilia nini? Hakujua. Hakuwa ameona. Huenda walishangilia jambo jingine, huenda kumbukumbu ya mtoto inadanganya. Lakini mume wake alikuwa ameshavua shati. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye kishimo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kifua kikazama. Mabega yakazama. Kikabaki kisogo, halafu hata kisogo hakikuwepo.

Nakijwa alisukuma watu akaenda mdomoni mwa kisima, mahali ambapo mwanamke hakuruhusiwa kusimama siku ya salamu.

"Baba Nakuroi!"

Mwangwi ulijibu kwanza, kisha mume. "Nini tena?"

"Taa imerudi inawaka au imezimika?"

"Imezimika! Hukusikia vigelegele?"

"Na siku ya kaka yangu Kiondo, ilirudi inawaka au imezimika?"

Mama mkwe wake ndiye aliyepaza sauti kwanza. "Mtoeni huyu! Anamtajia mwanangu maiti akiwa shimoni! Nakijwa, unataka kuniulia mtoto?"

"Sitaki, mama. Ndiyo maana nauliza."

"Mimi nitajuaje ya Kiondo?" sauti ya Mrutu ilipanda, nzito kuliko kawaida yake. "Sikuwapo! Mbona unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe kwa kuwa ndiye uliyemo humo. Njoo unijibu."

"Unaniaibisha mbele ya wazee!"

"Njoo unikaripie basi. Kutoka huko sikusikii."

Wanaume wawili walimshika mikono wamwondoe. Alijibandika kwenye jiwe la mdomo wa kisima kama kupe, akiuliza, akirudia, inawaka au imezimika, inawaka au imezimika, mtoto analia, mama mkwe analia. Mwishowe kutoka chini ikasikika tusi moja la mume aliyechoka, kisha mikwaruzo ya nyayo ukutani. Mrutu alikuwa anapanda. Hakupanda kwa kuogopa kisima. Alipanda ili amnyamazishe mkewe kwa mkono wake mwenyewe.

Kichwa kikatokea, kikiwa kimelowa jasho. Mabega yakatokea. Akajiegemeza kwenye jiwe, anahema kama aliyepanda mlima.

"Haya. Uliza sasa, nikiwa usoni pako."

Lakini Nakijwa hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama mzee aliyeshika kamba.

"Babu Sempeho, shikamoo."

"Marahaba," mzee alijibu kwa sauti ndogo.

"Siku ya Kiondo wewe ndiye uliyeshika ndoo. Taa ilirudije?"

Mzee aliitazama kamba kana kwamba hajawahi kuiona. "Ilirudi imezimika," alisema.

"Na siku ya Mtengeti, aliyefia humu kabla yake?"

"Imezimika."

"Na siku ambazo watu walishuka wakarudi salama?"

Mzee Sempeho aliketi chini, pale pale kwenye vumbi. "Zilirudi zinawaka, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyezipuliza." Akaufunika uso wake. "Miaka yote hii nimeishika kamba hii. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza."

Mrutu alikuwa bado ameketi kwenye ukingo, miguu imening'inia ndani. Polepole aliitoa, mguu mmoja, halafu mwingine. "Miguu ilikuwa imeanza kuwa mizito," alisema, hamwambii mtu yeyote. "Nikadhani ni woga."

Wakaleta kuku, wakamfunga ndani ya ndoo, wakamteremsha. Alilia mara mbili njiani. Mara ya tatu hakulia. Walipomvuta, shingo yake ilining'inia, na hakuwa na jeraha hata moja. Mama mkwe wa Nakijwa alimtazama kuku yule, akamtazama mwanawe, akamfungua mtoto mgongoni kwa Nakijwa ili ambebe yeye.

Siku mbili walifunga matawi mabichi kwenye kamba wakayapandisha na kuyashusha kisimani, wakaifukuza ile hewa mbovu iliyojikusanya chini. Siku ya tatu taa ilirudi inawaka. Hakuna aliyeipuliza. Mrutu alishuka, akafukua, maji yakaja ya rangi ya udongo, kisha meupe.

Na ilipofika jioni, watu wakigawana maji, Mzee Sempeho aliikunja ile kamba ya katani akamkabidhi Nakijwa. "Kamba hii haikuwahi kumtoa mtu humu," alisema. "Wewe ulikuja mikono mitupu."

Hapo Bibi Nambua alimaliza hadithi yake. Kwenye benchi hakuna aliyecheka. Yule mnene alikuwa amefungua mdomo, mtoto wake anamvuta hereni naye hana habari.

Mlango ukafunguliwa, nesi akatoa kichwa. "Kadi namba nane!"

Hidaya alikuwa na namba kumi na tano. Alisimama. Alihisi macho yote yamemgeukia, akasikia maneno ya mama mkwe wake masikioni, hautajwi, hautajwi. Akafunua khanga.

"Nesi, samahani, si zamu yangu. Kwa nini utosi wa mwanangu umebonyea? Na hajakojoa tangu jana asubuhi. Ni kawaida?"

Nesi alidondosha kalamu, akamchukua mtoto mikononi mwake, akaingia ndani mbio, na Hidaya akamfuata. Mlango ukajifunga wenyewe.

Kina mama walibaki wakiutazama mlango ule. Watoto walipimwa na mhudumu mwingine, mmoja mmoja, foleni ikaisha, lakini hakuna aliyeondoka. Saa sita ikapita. Ndani, Hidaya alikuwa amekaa kitandani akimnywesha mwanawe maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, kama alivyoelekezwa. Aliogopa kuhesabu vijiko. Aliogopa kuacha. Nesi alikuja, akagusa utosi, akaenda, akarudi tena.

Jua lilipoanza kuinama, Hidaya alihisi kitu cha vuguvugu kikimlowesha mapaja. Aliinua nepi. Akaanza kulia kwa sauti, mpaka wale wa nje wakasimama wote kwa hofu.

"Kuna nini?" Bibi Nambua aliita dirishani. "Binti, kuna nini?"

"Amekojoa, bibi!" Hidaya alisema huku analia, anacheka. "Amenikojolea!"

Bibi Nambua alimfunga mjukuu wake mgongoni, akakaza fundo la khanga kifuani, akawageukia kina mama waliokuwa wakijifuta machozi.

"Mmesikia?" alisema. "Swali halina kamba, lakini hutoa mtu kisimani."