Nyumba ya Mize na Jini Asiyeshindwa

Alikuwapo katika mji wa Shungimawe mtawala aitwaye Sultani Makame bin Shaali, mwenye pete ya akiki iliyomfunga jini Barhudi, na kazi ya jini huyo haikuwa kujenga makasri wala kuleta johari, bali kucheza bao kwa niaba ya bwana wake. Na kila aliyeshindwa alipelekwa machimboni kuvunja mawe, na atakayeshinda aliahidiwa lolote atakalotamka. Miaka arobaini hakutokea mshindi, kwani kiapo cha pete kilimkataza jini kushindwa kwa makusudi.

Asubuhi moja akaja barazani msusi wa mikeka, Mize binti Faki, ambaye mchumba wake, Mcha, alikuwa machimboni mwaka wa tatu. Miaka yote hiyo Mize alichimba mashimo uani kwake na akacheza peke yake pande zote mbili, hata macho yakamwingia ndani.

"Umechoka, binti," akasema Barhudi.

"Nawe pia, bwana jini."

"Mimi nimechoka tangu mama yako hajaolewa. Kaa. Lakini sitakuachia hata kete moja, siwezi."

Wakapanga: kila mmoja safu mbili za mashimo manane, kete sita katika shimo kubwa liitwalo nyumba, mbili na mbili pembeni mwake, na ishirini na mbili mkononi. Wakawa wanatia moja moja safu ya mbele, na kete ikiangukia penye wenzake na mbele yake pana kete za adui, mchezaji huzila na kuzipanda kuanzia ukingoni; na ya mwisho ikiangukia shimo tupu, hulala, na zamu humwendea mwenzake.

Jini akala, na akala tena, na Mize akailinda nyumba yake tu.

"Ivunje, mwanamke, twende tukale chakula!" akanguruma Sultani.

"Bado, Maulana."

Kete za mkononi zikaisha, na alasiri ikaingia. Jini akazungusha mtaji mrefu, akila na kupanda mfululizo, na kete ya mwisho ikaanguka patupu.

"Nimelala," akasema, na akashusha pumzi.

Hapo Mize akaichukua nyumba, kete kumi na nne, akazipanda, na ya mwisho ikaangukia mbele ya lundo la jini. Akala, akapanda, akala tena, hata safu ya mbele ya Barhudi ikabaki bila kete, na huko ndiko kushindwa. Pete ikapasuka, na kiapo kikamwachia jini.

"Tamka," akasema Sultani, uso umemsawijika.

"Watoke wote machimboni, Maulana. Wote."

Barhudi akamwachia Mize akiki ile iliyopasuka, nayo ikamletea utajiri, kisha akajinyoosha sakafuni, akalala usingizi mzito, na akafifia kama moshi. Mize akaolewa na Mcha, na siku saba za fungate hawakufanya jingine ila kulala.

Naye Sultani akabaki barazani na bao lake, akiita wapitao, nao wakimjibu kwa adabu, "Tumechoka, Maulana." Ndivyo ilivyo: anayeshinda daima kwa mkono wa mwingine, mwisho hukosa wa kucheza naye.