Vitabu vya Jalada Moja

Mtu mmoja alikuwa na kipaji cha kujalidi vitabu, na kipaji kile kilimtia kiburi, kama vinavyotutia vipaji vyetu, hata vile vya kuokoteza. Jina lake Ngwali. Watu wa mji ule walimletea vitabu vilivyochanika, naye akavishona, akavipaka gundi, akavivika kitambaa cha kijani. Vile ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua aliviweka rafuni na kuviazimisha bure, maana hakuwa mchoyo. Kosa lake lilikuwa moja tu: alipenda vifanane. Kurasa za mwanzo, zenye jina la kitabu, ndizo huchakaa kwanza; hizo alizing'oa. Kisha akavipanga kwa kimo, kama watoto wa shule mstarini.

Siku moja jirani yake, Mwalimu Hiza, akamwuliza, "Sasa Fundi, mtu atajuaje kipi cha kweli na kipi cha kutunga?"

"Mwalimu nawe! Bibi harusi kapendeza, wewe unauliza ukoo?"

"Ndio unaoulizwa kwanza!" akajibu Mwalimu. Wakacheka wote wawili, na neno likaishia hapo.

Masika yale akaja Siwema, mjane wa mtaa wa pili, anahema. Mwanawe Kidawa ameshikwa na homa. Je, Fundi ana kitabu cha homa za watoto? Ngwali alikuwa nacho, kimeandikwa na daktari, na alijua kipo. Lakini wateja wawili walikuwa wakimngoja. Akanyoosha mkono, akafungua katikati kitabu kilichokuwa karibu, akaona neno homa, akaona neno mtoto, akampa.

Kilikuwa riwaya. Ndani yake mama mmoja alimwogesha mwanawe kwa maji ya majani, akafunga mlango asiingie mtu, na alfajiri ya nne mtoto akaketi kitandani akaomba uji. Siwema alifuata kila neno. Zahanati haikuwa mbali, mtu angefika kabla chungu hakijachemka. Lakini kitabu kilisema mlango ufungwe, na Siwema alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi.

Ngwali alikwenda matangani kutoa pole. Siwema hakumlaumu. Alimtazama kama mwanafunzi aliyekosa hesabu na hajui amekosea wapi.

"Fundi," alimwambia, "alfajiri ya nne nilikuwa nimeshapika uji."

Ngwali alirudi dukani na kile kitabu alichorudishiwa, anataka kukichoma kwa uongo wake. Kwanza akakisoma, tangu mwanzo, kwa mara ya kwanza. Akautafuta uongo asiuone. Kitabu hakikumwahidi mtu dawa. Kilikaa tu na mama aliyekuwa akingoja, ili kila angojaye ajue kwamba hangoji peke yake. Kile cha daktari kilikuwa rafuni palepale, hatua ya vitabu vitatu, kimo kilekile, kijani kilekile. Kilisema homa ikivuka siku ya pili, mtoto apelekwe kwa mganga wa zahanati. Hakikuwa na mlango wa kufunga. Ngwali akajua kwamba vitabu vyote viwili vilikuwa na haki, na kwamba yeye ndiye aliyevifumba midomo.

Akashika kalamu. Ilimchukua siku nyingi, maana ilimbidi avisome vyote: hiki cha tiba, hiki historia, hiki maisha ya mtu aliyeishi kweli, hiki cha kutunga. Akaandika juu ya kila jalada, kwa herufi mbaya, na kitambaa chake kizuri kikaharibika.

Arobaini ilipokwisha, Siwema akaja dukani. Ngwali akakimbilia kitabu cha daktari, akampa kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Siwema akakirudisha taratibu.

"Nipe cha kutunga, Fundi. Cha kweli ninacho nyumbani."

Nawe unayemtilia mwenzio neno mkononi, umemwambia ni neno la namna gani?