Darubini ya Banda la Kuku

Sogeeni niwasimulie, na mwenye tumbo jepesi akae karibu na mlango, maana hadithi hii inanuka kabla haijapendeza.

Kijiji kimoja cha mlimani kilikuwa na wanawake watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mwasiti hakuwa na kinyaa: angetoa funza kwenye kidonda cha mbuzi huku anatafuna muhogo. Zubeda alikuwa na mkono mwepesi: watoto walioingiwa na mchanga machoni walipelekwa kwake, na wengine walisinzia akiutoa. Sikudhani alikuwa na jicho tulivu: miaka kumi alilinda ndege kwenye mtama, na kombeo lake halikukosa.

Jirani yao alikuwa Bi Mwanaidi, mjane wa Mwalimu Swalehe. Mwalimu alikuwa na darubini, bomba refu jeupe lenye kioo mbele. Kila jioni alichungulia, kisha akachora kwenye daftari. Maneno yakazuka kwamba anawachungulia wanawake wanaooga kivukoni, kule bondeni. Alipofariki, daftari likafunguliwa msibani, limejaa maduara yenye vitobo.

"Maziwa ya wake zetu hayo!" mtu akasema, na watu wakatema mate.

Siku ya arobaini, pilau ya Bi Mwanaidi haikuguswa. Mtoto mmoja aliyekwisha kutia tonge kinywani alitemeshwa na mama yake. Nikifika hapa huwa nachefukwa kuliko kwa mavi yote yanayokuja mbele.

Bi Mwanaidi akaitupa darubini kwenye banda la kuku.

Mwaka ukazunguka. Asubuhi ya hitima ya mwaka, aliwaita wale watatu.

"Wanangu," akasema, "nataka kujua mume wangu alikuwa akitazama nini. Kama ni uchafu, nijue, nisipike tena kwa jina lake. Atakayenionyesha, darubini ni yake."

Mwasiti akaingia bandani. Kwanza alimhamisha kuku aliyeatamia, yai moja moja, asije akasusa. Darubini ililala chini ya kinyesi cha mwaka mzima, juu kibichi, chini kigumu kama udongo wa ukuta. Panya walikuwa wamezaa ndani ya bomba, na wengine wamefia humo humo. Alipoliinamisha, maji meusi yalimtiririka mpaka kiwikoni.

"Mama wee!" Sikudhani akakimbia kutapika.

"Tapikia upande wa pili, shoga. Huku nimeshafagia."

Kumbe kile kioo kidogo cha kuchungulia hakipo. Mwasiti akakitafuta kwa vidole katika rundo lile, akiponda mayai viza na mende, hadi alipokipata.

Zubeda akapokea. Mwasiti alikuwa ameshanyanyua ncha ya khanga ili afute kioo kikubwa.

"Weee! Acha! Utakikwaruza, na mkwaruzo haufutiki."

Zubeda akachukua kipira cha kuvutia makamasi ya mwanawe, akakibonyeza kupuliza vumbi.

"Si kile cha mapuani hicho?" Mwasiti akauliza.

"Nimekichemsha. Na wewe leo useme nini!"

Kisha akalowesha pamba kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Alifuta polepole, kutoka katikati kwenda ukingoni, na kila alipofuta mara moja aliitupa pamba akachukua nyingine. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, yeye bado anafuta. Kioo kikawa kama hakipo.

Sikudhani akasimamisha miguu mitatu ya kuwekea darubini, akaning'iniza jiwe katikati isitikisike. Nusu ya mwezi ilikuwa imeshapanda, nyeupe, jua likiwa bado lipo. Akalenga. Hakuona kitu. Ile darubini ndogo ya kulengea, iliyo mgongoni mwa bomba, ilikuwa inatazama kwake na bomba kwake.

"Lazima zitazame mahali pamoja," akasema. "Nipate kitu cha mbali kisichosogea."

Kutoka uani pale kinachoonekana ni kimoja tu, mkuyu wa kivukoni. Akainamisha bomba, akaweka kilele cha mkuyu katikati, akaanza kukaza skrubu za ile ndogo mpaka nayo ikione kilele kile kile. Ghafla akaziachia skrubu.

"Una nini?" Zubeda akauliza.

"Mimi ndiye niliyemwona Mwalimu. Nilikuwa kichanjani nalinda ndege. Nikaona bomba limeelekea kivukoni, naye anakaza-kaza. Nikaenda nikasema." Akaonyesha skrubu kwa kidole. "Alikuwa anafanya hiki ninachofanya sasa."

Mwasiti, mikono bado inanuka, alimtazama kwa kinyaa ambacho banda zima halikumtia. Zubeda akamshika bega. "Maliza, dada. Jua linashuka."

Bomba likapanda mwezini. Bi Mwanaidi akachungulia, akaomba daftari. Akatazama mwezi, akatazama ukurasa. Kitobo kikubwa chenye kilima katikati kilikuwa pale pale alipokichora Mwalimu.

"Alikuwa anatazama mwezi," akasema, machozi yakimdondoka kwenye karatasi. "Mwezi tu."

Sikudhani akatoka nje, kwa wageni waliokuja kwa dua lakini si kwa chakula. Akasema yote mbele yao. Wengine walimtemea mate miguuni, asiyafute. Kisha mmoja mmoja wakaingia kuchungulia, wakanawa mikono, wakakaa mkekani.

Ndipo pakazuka mgogoro.

"Bila mimi ingekuwa bado mavini," alisema Mwasiti. "Na chombo cha marehemu hakiendi kwa aliyemchafua!"

"Bila mkono wangu mngeona ukungu," alisema Zubeda. "Mimi sikumchafua mtu."

Sikudhani alisema taratibu, "Niliyempaka matope ni mimi. Lakini mwezi mmeuonaje? Na kama ningenyamaza, nani leo angekula?"

Bi Mwanaidi amesimama, bomba amelikumbatia kifuani. Ahadi ni moja na darubini ni moja. Mikono miwili imenyooshwa mbele yake, na wa tatu umefichwa nyuma ya mgongo.

Haya, ninyi mlionisikiliza: mngekuwa ninyi, mngemkabidhi nani?