Vigae Chini ya Isale

"Aliyesemewa, sharti aseme." Leo kanisani mmemsikia Mzee Ndesario akiitamka, pale mchungaji alipomuuliza Kundaeli wetu huyu kama yuko tayari kwa kipaimara na shangazi yake akajibu kutoka benchi la nyuma kwamba yuko tayari kabisa. Watu wamecheka, nanyi mmerudi mkiniuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka hapa hapa nyumbani, wajukuu zangu. Menyeni hizo ndizi huku mkisikiliza.

Mama mkwe wangu Ndeanasia, aliyemzaa babu yenu, alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Neno lilimkwama mdomoni kama kiazi cha moto. Mama yake wa ubatizo, Elinaja, alimpenda mno. Siku ya ubatizo alisimama akamjibia mchungaji, kama ilivyo desturi, maana mtoto mchanga hawezi kusema. Shida ni kwamba baada ya hapo hakuacha. Dukani alimwagizia chumvi. Ndeanasia akiulizwa kama maji ya mfereji yamefika shambani, Elinaja ndiye aliyethibitisha, hata kama hakwenda kuyaona. Kwenye mafundisho ya kipaimara alikaa nje akisuka kikapu. Mchungaji akiuliza amri ya nne, jibu linaingilia dirishani. Wenzake wakamtania Ndeanasia kwamba hata siku ya harusi ataitikiwa.

Mwaka huo baba yake alikuwa keshafariki. Baba yake mdogo, Ndekirwa, aliyepakana nao upande wa juu, akadai kwamba mfereji uko ndani ya kihamba chake, shamba lake la urithi. Kama angeshinda, Ndeanasia na mama yake wangebaki na migomba isiyo na maji, na bila migomba hawakuwa na kitu.

Mnajua kwetu mpaka huwekwa kwa masale, yale majani marefu. Isale lina heshima yake, huling'oi ovyo. Ndekirwa hakung'oa hata moja. Alipanda mstari mwingine chini ya mfereji, akaumwagilia mpaka ukashika, akasema huo ndio mpaka, na ule wa juu marehemu aliupanda kuzuia mbuzi tu.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo akaja shambani pamoja na wazee wa baraza. Elinaja, kama kawaida yake, akatangulia kueleza.

"Ulikuwepo marehemu akipanda?" hakimu akamuuliza.

"Sikuwepo, mheshimiwa. Lakini ndivyo ilivyo."

"Basi huwezi kulithibitisha, mama. Nani alikuwepo?"

Elinaja akageuka kumtazama binti. Aliyekuwepo ni Ndeanasia peke yake, aliyeshika miche baba yake akichimba.

"Huyo tukimngoja aseme," akasema Ndekirwa, "kahawa itaiva tuichume kwanza."

Ndeanasia akasogea mbele. Akaanza, akakwama. Elinaja akafungua kinywa amsaidie, na binti akamgeukia, akamwekea mkono begani.

"Ma-mama, niache. Ni-nilikuwepo mimi."

Akaeleza polepole, kama mwanamke anayepanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe: anatua, anapumua, anaendelea. Akasema chini ya isale la kwanza, kule juu, baba yake alifukia vigae vya chungu cha bibi, na kigae cha mdomo wa chungu alikiweka yeye kwa mkono wake, kikitazama kilele cha Kibo. Hilo hata Elinaja hakulijua. Angelijuaje, na hakuwahi kumwacha mtoto afike mwisho wa maneno yake?

Wakachimba chini ya masale ya Ndekirwa, wakakuta udongo mtupu. Wakachimba juu. Vigae vikatoka, na kile cha mdomo kilikuwa kimetazama mlimani.

Ndekirwa alikuja baadaye na jani la isale mkononi kuomba radhi, akapokelewa, maana anayekuja na isale harudishwi.

Ikafika Jumapili ya kipaimara. Mchungaji akamuuliza Ndeanasia kama anaithibitisha mwenyewe ahadi iliyotolewa kwa ajili yake ubatizoni. Mabati ya kanisa yalikuwa yakilia kwa jua. Elinaja alikaa benchi la mbele, amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga, machozi yanamtoka.

"Na-naithibitisha," akasema Ndeanasia, "kwa msaada wa Mu-Mungu." Akafika mwisho.

Nje, wanawake wakamuuliza Elinaja imekuwaje leo hakumsaidia mwanawe. Akajitengeneza kilemba, akainua kidevu.

"Nilimsemea alipokuwa hana meno," akasema. "Leo anayo. Aliyesemewa, sharti aseme."

Ndizi mnazomenya zimekatwa kando ya mfereji ule ule, na masale yale mnayaona kila mkienda kuchota maji. Haya, Kundaeli, Jumapili ijayo mchungaji atakuuliza tena. Shangazi yako nitakaa naye benchi moja, nimshike mkono. Wewe simama tu, mwanangu. Aliyesemewa, sharti aseme.