Mkamata Nguruwe wa Ashby Hill

Asiyewahi kubwagwa mbele ya jirani zake hajui uchungu wa siasa. Jotham Eastman aliujua Machi ile, katika mkutano wa mwaka wa mji wa Ashby Hill, jimbo la New Hampshire, Marekani. Kwa muda mrefu alikuwa mwakilishi wao katika Bunge la jimbo kule Concord. Kisha akaunga mkono kodi ya mbwa, kwa kuwa mbwa walikuwa wakimaliza kondoo wa wanyonge. Lo! Mtu wa Ashby Hill atakusamehe ukimtukana yeye, si ukimgusia mbwa wake. Kura zilipopigwa, kiti kikaenda kwa Kapteni Hosea Blaisdell.

Hayo hayakutosha. Ulipofika wakati wa kumchagua mkamata nguruwe wazururao mashambani, kazi ambayo kwa desturi hubandikwa bwana harusi mpya ili achekwe, Kapteni alisimama.

"Jamani, mheshimiwa wetu hana kazi! Tumpe nguruwe awahutubie!"

"Apewe! Apewe!" Ukumbi ukaangua kicheko na mikono ikanyooka.

Uso ulimwiva Jotham. Angeweza kukataa na kutoka, lakini alijua kwamba akitoka hivyo hatathubutu kusimama tena mbele ya watu wale. Akabaki, akala kiapo cha kazi hiyo.

"Umekubali?" mkewe, Mehitabel, alimaka nyumbani. "Wamekudhalilisha, nawe ukaitikia?"

"Mke wangu, wameninyima kiti, hawajaninyang'anya akili. Kazi ya mji ni kazi ya mji."

Mahindi yalipoanza kubeba, mjane mmoja, Bi Dorcas, alikuja mbio kusema nguruwe wamevunja ua wake. Jotham alikwenda, akatapakaa matope, akawaswaga watatu hadi kwenye zizi la mji, wafungiwe humo hadi wenyewe walipe faini. Wawili walikuwa wa Kapteni, naye alikuja juu kama moto wa kifuu.

"Unanilipizia kisasi, sivyo?"

"Mtazame yule wa tatu, Kapteni."

Kapteni alichungulia. Jike lile jeupe lilikuwa la Jotham mwenyewe.

"Nami nimejitoza faini ile ile," alisema Jotham. "Na mahindi ya Bi Dorcas tutayafidia sote wawili. Au wasemaje?"

"Wewe mtu wewe! Hata mwenyewe hujihurumii!" Kapteni alitikisa kichwa, akalipa.

Jotham aliendelea kuswaga nguruwe bila kumpendelea wala kumwonea mtu, ingawa kila alipozomewa njiani moyo ulimuuma. Machi iliporudi, Kapteni alisimama tena.

"Ndugu zangu, Concord imenishinda. Mpelekeni huyu. Asiyempendelea nguruwe wake hatatuuza sisi."

"Na kodi ya mbwa je?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Mehitabel hakuwapo kumkonyeza anyamaze. Jotham akasimama. "Nitaiunga mkono tena," alisema.

Wenye mbwa wakaguna. Kisha wakapiga kura, na kiti kikarudi kwake, mbwa wakibweka mlangoni. Mzee mzima alilia mbele ya watu, wala hakuona haya. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.