Panya wa Mpakani

Mtu mmoja alikuwa na panya. Sisemi kwamba aliwafuga. Nasema alikuwa nao, kama mtu anavyokuwa na kikohozi: hakukiita, hakitoki, na kila anayekutana naye njiani ana dawa ya kumshauri.

Mtu huyo aliitwa Ndekirwa. Aliishi huku kwetu mlimani pamoja na mkewe Aikande na binti yao Elinaike, katika kihamba alichoachiwa na baba yake, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati. Mwaka huo Elinaike alikuwa amechumbiwa, na harusi ilipangwa iwe baada ya Pasaka. Ndekirwa alisimama mbele ya wakwe akatamka kwamba watu wa pande zote mbili watakula na kushiba kwa mazao ya mikono yake, na kwamba hatabisha hodi kwa mtu yeyote kuomba hata punje. Maneno hayo aliyasema kwa sauti kubwa, maana alikuwa ameyaandaa. Kisha akajaza dari la jiko: mahindi, maharage mekundu, na ulezi wa kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi, vyote vikakaa juu pale moshi unapokausha nafaka. Wakwe wakatazama juu, wakaridhika.

Panya nao wakatazama juu, wakaridhika. Kufikia mwezi wa pili gunia la kwanza lilikuwa jepesi kama mto wa kulalia. Ndekirwa alipoliinua, punje zilimwagika kwa tundu la chini na kumgonga utosini. Alishuka ngazi. Alijua hesabu ya wageni, na sasa alijua pia kwamba mahindi yakiisha kabla ya siku ile, neno lake litakuwa limeliwa pamoja nayo, tena mbele ya wakwe, na aibu ataibeba binti yake.

Basi akaanza vita. Kwanza alileta paka, dume kubwa la kijivu, akamwita Jemadari. Wiki ya kwanza Jemadari aliua panya wawili na akasifiwa mno. Wiki ya pili alipanda juu ya magunia, akapaona pana joto, akalala. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala; huyu hakuondoka, na walitawala vilevile. Paka akanenepa, panya wakanenepa, aliyekonda ni Ndekirwa. Akanunua mtego wa mbao wenye waya mkali, akautega mlangoni mwa jiko, na asubuhi mtego ukakamata kidole gumba cha mguu wake mwenyewe. Jumapili ile aliingia kanisani akichechemea, na walioketi nyuma walishindwa kuomba kwa sababu ya kicheko. Akataka kuweka sumu. Aikande akakataa katakata, akisema kuku wake hawajui kusoma maandishi ya pakiti.

Mwisho akachukua debe. Kila asubuhi alipanda darini, akalipiga debe kwa mwiko, na panya walishuka ukutani kama maharage yaliyomwagika, wakakatiza migombani na kutokomea mpakani. Ndekirwa aliridhika sana kuwaona wakienda upande ule. Mpaka ule ulikuwa kati yake na mdogo wake Anaeli, na moyoni mwake Ndekirwa alikuwa amekwisha kata shauri zamani: hawa ni panya wa Anaeli. Wanarudi kwao.

Lakini Anaeli naye alikuwa na debe. Ilipofika saa tatu alilipiga la kwake, na panya wakashuka darini kwake, wakakatiza migombani kwake, wakatokomea mpakani. Naye aliridhika, kwa sababu hao walikuwa panya wa kaka. Wapita njia walisikia madebe yakijibizana asubuhi baada ya asubuhi na wakadhani ndugu wale wameanzisha bendi.

Sasa nitawaambieni habari za mpaka ule, kwa kuwa mfano wote umelala pale. Baba yao alipokufa, miaka kumi na mmoja nyuma, ukoo uliwagawia kihamba, na mstari wa masale ukapandwa katikati. Masale ni mmea wa majani marefu ambao huku kwetu ndio ukuta wa mtu. Wazee wa ukoo wakasema: atakayepeleka panga kwenye masale haya, huyo anatafuta ardhi ya ndugu yake. Ndugu wale walikuwa watu wema. Hawakugombana hata siku moja. Kila mmoja alipolima alisimama hatua moja kabla ya masale, asije akadhaniwa vibaya. Mwaka uliofuata, kwa kuona hatua moja haitoshi kuonyesha wema wake, kila mmoja akarudi hatua nyingine. Hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, heshima juu ya heshima, hadi katikati pakawa na msitu wa hatua ishirini kwa upana, una miiba, una migomba iliyooza, una magugu yanayomfika mtu mabegani. Kila mmoja aliutazama msitu ule kwa fahari. Alisema moyoni, mimi sijagusa. Wakawa wanasalimiana barabarani vizuri tu, habari za asubuhi, nzuri kaka, lakini hakuna aliyeonja chakula cha mwenzake tangu matanga ya baba yao.

Siku moja mchana Aikande alikuwa barazani, ananuia kumfumia mkwewe sweta. Kikapuni alikuwa na donge jipya la uzi mwekundu. Akaenda kutazama chungu, na aliporudi alikuta donge linaruka ndani ya kikapu, halina mtu. Alishtuka, akamtaja Mungu. Kisha akaona ncha ya uzi inatelemka barazani, inapita uani, inaingia migombani, na mbele yake mkia. Panya alikuwa ameamua kwamba watoto wake nao wana baridi.

Aikande angeweza kupiga kelele. Badala yake alijifunga kanga kiunoni akaufuata uzi. Ulizunguka mgomba wa kwanza na wa pili, ukapita chini ya kahawa, ukaingia moja kwa moja katika ule msitu. Pale mwanamke alisita kidogo, maana alijua kwamba mumewe hajawahi kuingia. Halafu akakumbuka kwamba wazee walikataza panga, hawakukataza mikono, akainama akaingia.

Alichokiona ndani hakutaka kukisimulia. Alitaka kionekane. Alikusanya kwenye pindo la kanga yake, akarudi nyumbani, akakuta mumewe ameketi kwenye kigoda anarekebisha mtego mpya, akamwaga vyote miguuni pake. Palikuwa na uzi wake mwekundu. Palikuwa na mahindi ya darini kwao na maharage yao mekundu. Yakiwa yamechanganyika nayo, palikuwa na maharage ya njano, ambayo mtaa mzima hakuna anayepanda isipokuwa mke wa Anaeli, Mama Kiwia. Palikuwa na kipande cha sare ya kwaya ya Mama Kiwia, ile iliyopotea kabla ya Krismasi hadi kwaya nzima ikatuhumiana. Vyote vimetoka kwenye kiota kimoja.

Akamwambia, "Baba Elinaike, panya wa nyumba hizi mbili wanakula chungu kimoja. Ninyi ndio mnaokula mbalimbali."

Ndekirwa aliuweka mtego chini. Aliyatazama maharage yale, mekundu na ya njano, na akaona haya. Hakuona haya kwa ajili ya panya. Aliona haya kwa sababu hakukumbuka tena maharage ya njano ya Mama Kiwia yana ladha gani, na zamani aliyapenda sana.

Huku kwetu jani lile lile la masale lina kazi mbili. Likiwa shinani ni mpaka. Likichumwa na kupelekwa mkononi kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Ndekirwa akaenda mpakani, akajipenyeza miibani, akanyoosha mkono akachuma jani moja. Akatazama huku na huku kama mwizi. Kutoka pale hadi kwa Anaeli zilikuwa hatua chache, lakini ombi halipitishwi uani, kwa hiyo alizunguka kwa barabara, akichechemea na jani lake, na watu wote wakimwona, hadi langoni kwa mdogo wake. Akabisha hodi.

Anaeli alikuwa anapukuchua mahindi yaliyotafunwa. Alipoliona jani alisimama, punje zikamwagika. Akatafuta kosa kichwani, hakulipata, ikabidi aulize.

"Kaka, kwani umenikosea nini?"

"Hata sijui," akasema Ndekirwa. "Ila tuna panya miaka kumi na mmoja."

Anaeli alimtazama kaka yake, akatazama jani, akatazama kidole kilichofungwa kitambaa. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akakalia mahindi, na Ndekirwa, ambaye hakuwa amecheka tangu gunia la kwanza, akacheka naye, na Mama Kiwia akatoka jikoni kutazama nani amekufa. Anaeli alipopata pumzi alisema alidhani miaka yote hii kaka anaogopa kunyang'anywa ardhi. Ndekirwa akasema yeye alidhani hivyo hivyo kuhusu Anaeli. Basi Anaeli akapokea jani kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango, akasema, "Jiwe la kunolea ninalo. Lete panga."

Walifyeka Jumamosi, mmoja akitokea upande wa juu na mwingine upande wa chini, ili pasiwe na mtu wa kusema nani alianza. Ilikuwa sherehe, ndugu zangu. Majirani walikuja na fimbo na mbwa. Wale waliokuwa wakiyasikia madebe barabarani sasa waliyaona, yanapigwa na wake wawili waliosimama bega kwa bega. Panya walitoka kushoto, wakakuta fimbo. Wakatoka kulia, wakakuta mbwa. Hawakuwa na mpaka wa kukimbilia. Jemadari aliletwa amebebwa, akatazama vita ile yote kutoka kifuani kwa Elinaike, akapiga miayo. Walihesabu panya sitini, wakachoka kuhesabu. Mashimo yakafukuliwa na kushindiliwa udongo, magugu yakachomwa, na jioni, moshi ulipotawanyika, ule mstari wa masale ukaonekana tena, umenyooka vile vile ulivyopandwa, hakuna aliyemwibia mwenzake hata unyayo. Ndekirwa na Anaeli wakauangalia wakiwa wamechafuka hadi nyusi. Siku ile walikula nyumba moja, na Ndekirwa aliongezewa maharage ya njano mara tatu.

Mtaniuliza habari za harusi. Magunia yalipopimwa, mahindi ya Ndekirwa hayakutosha. Panya walikuwa wamekwisha kula nusu. Ya Anaeli nayo yalikuwa nusu. Lakini nusu na nusu, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua, na Anaeli hakungoja kuombwa. Alivuka na magunia yake mgongoni, na katikati ya mstari wa masale wakaacha nafasi ya kupita mtu mwenye mzigo. Wageni walipofika walijaa uani kwa Ndekirwa, wakazidi, wakaketishwa uani kwa Anaeli, na sufuria za makande zikawa zinapita huku na huku kwenye ile nafasi hadi wapishi wakasahau zilianzia wapi. Baba mkwe alipomsifu Ndekirwa kwa mazao ya mikono yake, Ndekirwa alisimama akasema kwa sauti kubwa, bila kuyaandaa, kwamba ni mikono minne. Anaeli akainamisha uso, Elinaike akalia kwa furaha, na mbege ikaongezwa.

Panya hawakwisha. Nisiwadanganye, panya hawaishi, na anayekuhubiria kwamba wataisha anataka kukuuzia kitu. Siku hizi huja mmoja, huja wawili, na Ndekirwa husikia vishindo darini. Ila hasemi tena ni wa nani. Anamwita Anaeli, na kila mwezi ndugu wale wawili hukutana mpakani na mapanga, wakafyeka na kuzungumza, na mara nyingi mazungumzo huchukua muda mrefu kuliko kufyeka.

Wengi mmenijia kuniuliza dawa ya kinachowatafuna nyumbani. Mmekwisha leta paka, mmekwisha tega mitego, na madebe yenu tunayasikia hadi barabarani. Mimi nina swali moja tu: kati yako na ndugu yako, ni hatua ngapi umerudi nyuma ukiziita heshima?