Maji Yaliyokataa Kulala

Watoto wakisikia methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone," hufikiria jikoni. Wanajua kwamba siku mgeni anapobisha hodi, kitoweo hunona na hata wao hupata kipande. Si kosa, lakini wahenga waliona mbali kuliko sufuria. Walimaanisha kwamba mgeni huingia na neno, ujuzi au baraka ambayo mwenye nyumba hana, na pengine hiyo ndiyo dawa ya jambo linalomsumbua. Tatizo ni moja tu: mwenyeji hajui ni mgeni yupi aliyebeba dawa hiyo, kwa hiyo hashauriwi kuchagua. Msimamizi mmoja wa jumba la samaki alichagua, na nusura ajute maisha yake yote.

Jumba hilo lilitazamana na hospitali kuu, barabara tu ikiwa katikati. Ndani yake matangi ya vioo yalipangwa kama madirisha ya treni, na watoto wa shule walibandika pua zao kwenye vioo mpaka wafanyakazi wakachoka kufuta. Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, funguo zikilia kiunoni. Wafanyakazi walimpachika jina la Bi Saa kwa kuwa alikwenda kwa dakika: saa mbili kasoro robo anapima joto la maji, saa mbili kamili analisha, saa mbili na robo anagomba. Dada yake alizoea kumtania kwamba ameolewa na samaki. Bi Saa hakuwahi kukanusha.

Katika chumba cha mwisho kulikuwa na tangi alilolipenda kama mboni ya jicho lake. Humo waliishi samaki sitini wadogo, wembamba, wenye mkanda wa manjano ubavuni. Zamani walijaa katika mto uliopita kando ya mji. Kikaja kiwanda cha ngozi, kikamwaga uchafu wake mtoni kwa miaka ishirini, na samaki wa mkanda wakatoweka. Wachache waliookolewa kwa ndoo ndio waliokuwa mababu wa hawa sitini, na hapakuwa na wengine popote. Bi Saa alikuwa amewalea kwa miaka tisa. Sasa kiwanda kilikuwa kimefungwa, watu wa bondeni walikuwa wameusafisha mto kwa mikono yao, na kamati ya mto ilikuwa imepanga kuwarudisha samaki Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mtaalamu wa kamati alitoa sharti moja: wakipungua chini ya thelathini, kizazi hakitashika, na kuwapeleka itakuwa ni kuwatupa tu.

Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, binti mmoja mwalimu alivuka barabara akiwa amemshika baba yake mkono.

"Shikamoo, Bi. Baba anasafishwa damu pale ng'ambo mara tatu kwa wiki, figo zake hazifanyi kazi. Ukumbi wa kungojea umejaa, hata pa kuegemea hapana. Naomba akae kwenye benchi lenu mpaka aitwe."

"Marahaba. Lakini hapa si wodi, mwanangu."

"Ni kweli si wodi," mzee alidakia huku akichungulia ndani. "Kule wodini hakuna anayeogelea vizuri hivi."

Binti alimfinya. Bi Saa hakucheka. Alikubali shingo upande na kutoa masharti: asiguse kioo, asilishe samaki, asiwapigie wafanyakazi soga. Mawili ya kwanza mzee aliyashika. La tatu lilimshinda siku ileile. Alikuwa amefanya kazi ya kinyozi kwa miaka arobaini, na kinyozi asiye na soga ni sawa na wembe butu. Aliwapasha wafanyakazi habari za hospitali, kisha akapeleka hospitalini habari za samaki. Alijua nani kajifungua mapacha na daktari yupi anatafuta mchumba. Wafanyakazi walimwita Mzee Kinyozi. Bi Saa alimwita "ile redio."

Hata hivyo, alipoketi mbele ya tangi la mwisho, redio ilizimika. Daktari alikuwa amempimia maji ya kunywa, vikombe vitatu tu kutwa, na kiu ilimtesa kuliko sindano.

"Wenzangu wananiuliza, mtu mwenye kiu anakaaje mbele ya maji yote haya," alimwambia binti yake siku moja. "Sijui niwajibu nini. Nikiwatazama hawa wadogo, koo linatulia. Na leo Sista anayetusafisha damu kasema presha imeshuka."

Binti, ambaye alifundisha asubuhi na kumuuguza baba mchana, aligeuza uso ili afute machozi. Ilikuwa furaha, maana kwa miezi mingi hakuwa amesikia neno "imeshuka."

Jumatatu moja, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, Bi Saa alibadilisha maji kama kawaida. Desturi ya jumba ilikuwa kulaza maji. Maji ya bomba yalijazwa katika mapipa yasiyofunikwa, yakaachwa kutwa kucha ili dawa ya kuulia vijidudu ipeperuke. Kisha Bi Saa alichovya karatasi ya kupimia. Ikibaki nyeupe, maji yamelala na ni salama. Karatasi ilibaki nyeupe, naye akayamimina.

Jumanne asubuhi alikuta samaki saba wanaelea. Waliobaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakihema kama watu waliopanda mlima. Bi Saa alipima joto, likawa sawa. Alipima hewa, ikawa sawa. Karatasi ilikuwa nyeupe. Akafanya lile ambalo kila mfugaji wa samaki hufanya anapokosa jibu: alitoa nusu ya maji na kumimina mengine yaliyolala. Jumatano wakafa tisa zaidi.

Mtu aliyefikwa na balaa hutafuta wa kumlaumu, na wa kulaumiwa kwa urahisi ni yule asiye wa nyumbani. "Ni hao wagonjwa," Bi Saa aliwaambia wafanyakazi kwa hasira. "Wametuletea maradhi. Kuanzia sasa mlango ufungwe."

Bawabu alipomrudisha Mzee Kinyozi mlangoni, mzee hakutania. Aliuliza tu, "Wadogo zangu wa mkanda hawajambo?" Bawabu akatazama chini. Siku hiyo mzee alingojea zamu yake akiwa amesimama, ameegemea ukuta wa hospitali, na presha yake ikapanda tena.

Alhamisi Bi Saa alibadilisha maji kwa mara ya tatu. Ijumaa asubuhi samaki walikuwa wamebaki thelathini na wanane. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake. Mtaalamu wa kamati akapiga simu.

"Dada, wakishuka chini ya thelathini itabidi tuahirishe. Na tusidanganyane, kuahirisha ni kufuta. Hakuna wengine."

"Najua," alijibu. Miaka tisa ilikuwa ikimponyoka mbele ya macho, naye hakuona la kufanya. Alisogeza pipa la nne la maji yaliyolala, akashika mpira wa maji ili ayamimine. Mara akasikia makelele mlangoni.

"Mwambie asitie maji! Bawabu, nakuomba, mwambie Bi Mkubwa asitie maji!"

Alikuwa Mzee Kinyozi, miguu imevimba, pumzi zinamkatika, binti yake akimfuata mbio, kofia ya baba mkononi. Bi Saa alitoka na mpira wake.

"Mzee, si nilisema..."

"Ulisema, na nilisikia. Utanigombeza baadaye. Hayo maji umeyatoa wapi?"

"Bombani. Yamelala tangu jana."

"Hayajalala, mwanangu. Yamefumba macho tu." Mzee alishika mwimo wa mlango apate nguvu. "Leo Sista katukawiza saa mbili nzima. Watu wakanung'unika, mimi nikamfuata kumuuliza, si unaujua ulimi wangu. Akasema tangu Jumamosi iliyopita maji ya mji yanatiwa dawa nyingine. Hospitali ililetewa barua. Ile ya zamani ilipeperuka, hii haipeperuki hata uyaache wiki. Ikiingia kwenye mashine inaharibu damu. Wao hupima kila asubuhi, na leo wamekuta mkaa wa kuchujia umechoka, ndiyo wamesimamisha kila kitu wauweke mpya. Basi nikajiuliza: mimi naingia kwenye mashine mara tatu kwa wiki, je, wale wadogo wanaoishi ndani ya maji?"

"Karatasi yangu imebaki nyeupe," Bi Saa alisema.

"Itabaki. Sista anasema dawa hii ina kipimo chake."

Kwa mtu aliyesomea samaki, kufundishwa maji na kinyozi si jambo jepesi kumeza. Uso ulimwiva. Akageuka, akaangalia tangi, akaona vinywa thelathini na vinane vikitafuta hewa. Hapo kiburi kikamtoka. Aliutupa mpira sakafuni, akajaza chupa maji ya pipa, akavuka barabara mbio mpaka madereva wakampigia honi.

Sista wa chumba cha mashine alikuwa mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alitia matone mawili ndani ya kichupa cha maji yale, akatikisa. Maji yakageuka waridi iliyokolea.

"Haya hata mgonjwa wangu nisingempa," alisema. "Wewe unawapa samaki?"

"Nimewapa mara tatu," Bi Saa alijibu, machozi yakimlengalenga. Kila alipodhani anawaokoa, alikuwa akiwaongezea sumu.

Hapakuwa na muda wa kulia. Fundi wa mashine alitoa magunia mawili ya mkaa wa kuchujia. Bawabu alibeba moja, binti wa mzee akajitwika la pili mgongoni akiwa na sketi yake ya ualimu. Walitoboa pipa chini, wakalijaza mkaa, wakayapitisha maji taratibu. Bi Saa akayapima kwa matone ya Sista. Waridi. Wakayapitisha tena. Waridi hafifu. Mara ya tatu maji yalibaki meupe pe, na bawabu akapiga kofi la furaha kama mtu aliyeona mtoto akipiga hatua ya kwanza.

"Mzee, mashine yako tayari!" Sista aliita kutoka ng'ambo.

"Ningojee! Wenzangu bado hawajapata yao."

"Nenda, baba," Bi Saa alimwambia. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Nenda usafishwe. Hapa niachie mimi."

Walimimina maji mapya kidogo kidogo. Saa tisa alasiri samaki mmoja aliacha kuhema, akafunga kinywa, akazama hadi kwenye changarawe na kuanza kudonoa. Akafuata wa pili. Kufika saa kumi na moja juu ya maji hapakuwa na hata mmoja. Bi Saa aliwahesabu mara nne: thelathini na wanane. Jumamosi thelathini na wanane. Jumapili vilevile.

Jumatatu Mzee Kinyozi alipovuka barabara, alimkuta Bi Saa amesimama mlangoni mwenyewe.

"Baba, nilikufungia mlango. Nikasema mmetuletea maradhi. Nimekosa, nisamehe."

"Mwanangu, kinyozi akikasirikia kila kichwa kigumu, atafunga duka," mzee alijibu. "Nipishe niwaone."

Wiki ile Bi Saa aliagiza viti kumi vyenye mito, vikapangwa mbele ya matangi. Hospitali ikapelekewa ujumbe kwamba mgonjwa yeyote anayengojea zamu avuke. Siku ya kwanza walikuja wanne, ya pili viti vikajaa, na soga zikasikika hadi ofisini. Bi Saa aliacha mlango wa ofisi wazi asikilize.

Jumamosi ya mto ikafika. Wagonjwa walikuja kwa basi la hospitali, Sista akiwa na mkoba wa dawa, watu wa bondeni wakiwa wamejipanga kingo zote mbili. Maji yalikuwa maangavu hata mawe ya chini yalionekana. Mwenyekiti wa kamati aliomba Bi Saa amimine ndoo ya kwanza. Yeye akamkabidhi Mzee Kinyozi. Binti alishika upande mmoja wa ndoo, mzee upande wa pili, wakainamisha.

Samaki walitoka kwa mkupuo. Kwa kitambo walisimama palepale, mikanda yao ya manjano ikiwaka juani, vichwa vimeelekea mkondo, kana kwamba wanauliza njia. Kisha wakaupanda mto wote kwa pamoja. Vigelegele vikapasuka kingo zote mbili. Sista asiye na maneno alirukaruka kama msichana. Bi Saa alilia kwa sauti mbele za watu na hakuona haya.

"Wametoka thelathini na wanane," mtaalamu wa kamati alisema, akimsogelea na daftari lake. "Dada, hii ni ajabu. Nimesikia ulipata mtaalamu wa maji akakunusuru. Nipe cheo chake nikiandike kwenye taarifa."

Bi Saa alimwonyesha mzee aliyekuwa ameketi juu ya jiwe, suruali imekunjwa, miguu ndani ya maji, akiwachekesha wagonjwa wenzake.

"Andika kinyozi."

"Kinyozi?"

"Kinyozi. Alikuja kwangu akitafuta pa kukaa, nikamfukuza, akarudi kuniokoa."

Mtaalamu akaandika, ingawa alionekana kutoamini anachoandika. Sisi tunaamini, kwa kuwa samaki wa mkanda wapo mtoni hadi leo, na lau mlango ule ungebaki umefungwa wasingekuwapo. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.